Kisu cha Bwana Rostfrei

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa ndagala, dagaa wa kwetu, kabla hujalisoma, nakupa machache tu, kisha tuendelee.

Kaka yangu Gélase alitoka nyumbani kwetu Kanyosha, hapa Bujumbura, asubuhi moja ya Machi 1995 kwenda kazini, kwenye depo moja ya Zone Industrielle. Hakurudi. Mwili haukuonekana. Mama akakataa kulia, akakataa pia kucheka. Kwa miaka minne alipika kila siku chakula cha mtu mmoja zaidi, na kila siku kikaachwa.

Gélase aliacha mke, Danielle. Aliacha pia mkebe wa biskuti wenye visu kumi na saba vya kukunja, vya zamani, vilivyoachwa na Wabeligiji, Wagiriki na mapadri, pamoja na daftari alimoandika habari za kila kimoja. Kisu cha kumi na nane hakikuwemo mkebeni. Daftari lilisema hivi: "No. 18. Fundi: Rostfrei. Pembe nyeusi, lame mbili. Hiki natembea nacho." Lame ni bapa, sehemu inayokata.

Baba mdogo Adolphe, mkubwa wa familia yetu, alikuwa amekata shauri: bila mwili, na bila kitu chake chochote, hatuwezi kuganduka. Kwa msomaji asiye wa kwetu, kuganduka ni kumaliza matanga. Siku hiyo pombe inanywewa, maneno ya mwisho yanasemwa, na waliofiwa wanapewa ruhusa ya kurudi kuishi.

Basi mwaka 1999, siku ya Jumanne, nilikiona kisu. Kilikuwa juu ya gunia la Byamungu, mkimbizi wa Bukavu anayeuza vitu vya zamani kando ya maghala ya Zone Industrielle. Pembe nyeusi. Bapa mbili. Na chini ya bapa kubwa, karibu na msumari unaolishika, herufi ndogo zilizopigwa kwenye chuma: ROSTFREI.

Wiki iliyopita tuliishia pale Byamungu aliposema hataki pesa. Anataka mkebe wote.

"Visu kumi na saba kwa kimoja?" nilimwambia. "We Byamungu, umelewa?"

"Mi sinywi, mama. Mi ni mulokole tangu Bukavu. Mwenye kulewa ni we. Tangu saa tatu umekamata ile kisu kama mutoto wako wa kwanza. Sasa muntu wa biashara akiona mama anakamata kintu hivyo, atamuuzia kwa bei ya vitunguu?"

Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe nilifundishwa kuliepuka. Gélase alikuwa akiniambia: kisu unachokitaka, kishike cha mwisho. Kwanza shika vile usivyovitaka, uvisifu, uulize bei, uudhike. Mimi nilikwenda moja kwa moja kama inzi kwenye kidonda.

"Niambie basi ulikitoa wapi."

"Bintu vya zamani havina baba."

"Nani alikuletea?"

"Muntu."

"Muntu gani?"

"Alikuwa na miguu mbili." Akacheka peke yake. Alipoona sicheki, akapunguza. "Alileta kufuli tatu, saa isiyotembea, na ile kisu. Ni mbele ya Noeli. Sikumuuliza jina. Mu kazi hii ukiuliza jina, muntu anaondoka na mzigo wake."

"Na huyu Rostfrei unamjua?"

Byamungu akaweka mkono kifuani. "Rostfrei? Mama, usicheze. Huyo ni fundi mukubwa wa Wadachi, kule Ujerumani. Kisu zake mu Afrika ni za kuhesabu. Hapa Bujumbura ni hii moja."

Nilimwamini. Nilitaka kumwamini. Daftari la Gélase lilikuwa na Rostfrei mmoja tu kati ya visu kumi na vinane, na huyu hapa alikuwa na mmoja tu. Moja na moja, nikapata moja.

Kesho yake nilirudi na mkebe. Byamungu aliutandaza mzigo wangu juu ya gunia, akafungua kisu kimoja baada ya kingine. Kila alipokifunga alikiweka karibu na sikio, asikie springi inavyopiga. Gélase alifanya vilevile. Ilinibidi nitazame malori.

Alipofika kisu namba nne, akasimama.

"Hii nani alisugua?"

"Ni mimi."

"Na nini?"

"Mchanga. Na limau."

Akanitazama kama daktari anayemtazama mzazi aliyempa mtoto dawa ya ng'ombe. "Sasa maandishi iko wapi? Jina iko wapi? Mama, kisu ya zamani hawasugui. Umeiua. Hii ni chuma tu, wape watoto wachongee penseli."

Nilikisugua mwezi ule Gélase alipopotea. Nilidhani namheshimu.

"Unavitaka au huvitaki?" nikasema.

"Navitaka. Chukua muntu wako."

Alisema hivyo, "muntu wako," wala sikuwa nimemweleza kitu.

*

Mama alikuwa anachambua maharage uani. Nikaweka kisu juu ya ungo, katikati ya maharage.

Alikitazama. Akakichukua, akakifungua, akakinusa.

"Kinanuka tumbako," akasema.

Gélase hakuvuta tumbako maisha yake yote. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mimi nililijua. Tulitazamana, kisha kila mmoja akatazama pengine.

"Danielle!" Mama akaita. "Kuja hapa mbio!"

Danielle akatoka jikoni na unga mikononi. Tangu 1995 alikuwa amebaki kwetu, si mke, si mjane. Mwanamume mmoja wa parokia, mtu mzuri, alikuwa amemuuliza mara mbili, na mara mbili alijibiwa na Adolphe: mke wa mtu hai haulizwi.

"We ndiye ulikuwa unafua mapantalo yake," Mama alisema. "Ulikuwa unakitoa mufukoni kila wiki. Ni chake?"

Danielle hakukigusa. Alikitazama kisu, akamtazama Mama, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kisu.

"Ni chake," akasema.

Hapo Mama alilia. Kilio cha miaka minne kilitoka kwa mara moja, kwa sauti kubwa, hata majirani watatu wakaja mbio na mapanga wakidhani tumevamiwa. Ilikuwa miaka ya namna hiyo, miaka ya vita. Walipokuta ni kisu kidogo juu ya ungo wa maharage, wakayaficha mapanga mgongoni na kukaa kulia nasi.

*

Baba mdogo Adolphe alifika kesho yake, na kofia yake, na fimbo yake, na shauri lililokwisha kukatwa njiani.

"Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Asubuhi tunamuzika, mchana tunaganduka."

"Tunamzika nani, data wacu?" nikamuuliza, maana kwetu baba mdogo naye huitwa "baba yetu". "Ni kisu."

"Mutu asiye na mwili anazikwa na kitu chake. Kwani we ulitaka tuzike upepo?"

Akakigeuza kisu mkononi. Macho yake hayaoni karibu, kwa hiyo akakipeleka mbali kama anayepiga picha.

"Imeandikwa nini hapa?"

"Rostfrei. Ni fundi wa Wadachi."

"Wadachi!" Akaketi. Nilijua mara moja kwamba nimefanya kosa. "Yampayinka, maajabu haya! Basi hiki kilimufikia marehemu babu yenu, mukono kwa mukono, kabla ya Mubeligiji kuingia!"

"Data wacu, Gélase alikipata mwaka 1991. Aliandika."

"We ulikuwepo?"

"Apana, lakini daftari..."

"Daftari ni ya mwaka gani?"

"Ya 1990."

"Na Mudachi aliondoka lini? Ehe. Daftari ni mutoto mudogo, halijui mambo ya wazee." Akamgeukia Mama. "Nitasema maneno makubwa siku hiyo. Watu wataelewa kwamba nyumba hii si nyumba ya juzi. Adélaïde, we ulisoma, nitafutie jina kamili. Mutu hawezi kuitwa Rostfrei tu, kama mbwa. Rostfrei nani? Johani? Karoli? Nitasimama mbele ya watu na nusu ya jina?"

Wiki nzima alinisumbua. Alituma mtu kazini kwangu, kwenye kenkayeri, duka la vifaa vya chuma ninakouza, aulize kama jina limepatikana. Alikuja mwenyewe Jumatano. Alikuja Alhamisi. Mama naye alianza: "Mwanangu, si ni neno moja tu? Umutafutie, anyamaze."

Ijumaa, siku moja kabla ya siku yenyewe, nikaomba ruhusa nikapanda Kiriri, mtaa wa mlimani.

*

Mzee Sylvère anakaa benchi la mbele parokiani kwetu, lakini wiki nzima yuko Kiriri, jikoni. Kwa miaka kumi na mmoja alimpikia mhandisi Mdachi na familia yake. Walipoondoka mwaka 1993 waliiacha nyumba na jiko kama vilivyokuwa, na aliyepanga baadaye akampokea Sylvère pamoja na masufuria.

Alinipokea mlango wa nyuma, anamenya viazi.

"Muzee, samahani kukusumbua. Nataka kukuuliza habari za mtu mmoja Mdachi. Bwana Rostfrei."

"Bwana nani?"

"Rostfrei. Fundi wa visu."

Nikampa kisu. Akakisoma, akakirudisha. Hakucheka, na hilo nitamshukuru siku zote. Alipangusa mikono kwenye tabuliye aliyojifunga kiunoni, akavuta droo ya kabati.

"Chukua uma moja. Soma nyuma."

Nikasoma. ROSTFREI.

"Chukua kijiko."

ROSTFREI.

"Mukasi ya kuku. Kijiko ya supu. Kifungulio. Kisu ya siagi. Chukua tu, usiogope."

Nilichukua. Nilivitoa kimoja kimoja nikavipanga mezani, na kila kimoja nilikigeuza, kila kimoja kilisema neno lilelile. Nilifika hadi kijiko kidogo cha mtoto mchanga, kichwa chake kimechorwa bata. Mgongoni mwa bata: ROSTFREI.

"Sasa umewaona wote," Sylvère alisema kwa upole. "Baba, mama na watoto. Ni neno tu, mwanangu. Ni kusema haishiki kutu. Vile Mufaransa anaandika inox, Mudachi anaandika hivi."

Inox! Nimeuza vijiko vya inox miaka tisa. Vijiko, masinki, bawaba. Hakuna siku hata moja niliyowaza kwamba Bwana Inox anakaa mahali fulani Ulaya na kutengeneza masinki. Lakini neno hilohilo lilipokuja kwa Kidachi, kaka yangu alilivalisha suruali, nami nikalifungulia mlango.

"Na visu vya Wadachi wa zamani?" nikauliza. "Wale wa kabla ya Mbeligiji?"

"Vile vilishika kutu kama jembe la mama yako. Chuma hii ilikuja nyuma. Madamu ndiye alinieleza, siku niliacha visu vyake mu maji." Akaanza kurudisha vitu kwenye droo. "Hiki chako ni kizuri, lakini ni cha juzi. Viko vingi. Kila nyumba alipokaa Mudachi, kila misheni, kila dispanseri ya masista. We ulikuwa unatafuta kitu gani?"

"Kaka yangu," nikasema.

Alisimama na uma mkononi, akakosa mahali pa kuuweka.

*

Nilishuka kutoka Kiriri kwa miguu, na hasira yangu haikujua imshike nani. Byamungu? Alisema tu nilichotaka kusikia. Adolphe? Aliuliza swali la kipumbavu, na swali la kipumbavu ndilo lililoleta ukweli. Gélase? Alikosea kwa moyo safi. Nilibaki mimi. Mimi niliyetoa visu kumi na saba, vyote alivyoviacha, nikapata kisu cha mtu nisiyemjua, anayevuta tumbako.

Nilikuwa nimeamua kusema. Naapa. Njia nzima nilipanga maneno.

Nilipofika, mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa tayari uani, umefunikwa kwa majani ya mgomba. Mama alikuwa anafagia, na alikuwa anaimba. Wimbo wa kanisa, kwa sauti ya chini, akiruka maneno aliyoyasahau.

"Adé, umerudi? Ingia ule. Leo nimepika kidogo, musinilaumu."

Nikafunua sufuria. Kulikuwa na chakula cha watu watatu. Mama, Danielle na mimi. Watatu kamili.

Nilikula. Nakiri hapa, kwa maandishi, mbele ya watu wote wanaosoma gazeti hili: nilijua, na nilikula, na nilinyamaza.

Jioni ile Adolphe alikuja. "Jina?"

"Karoli," nikamwambia. "Karoli Rostfrei."

"Nilijua!" akasema. "Nilijua ni Karoli."

*

Jumamosi asubuhi tulikizika nyuma ya nyumba, kwenye kisanduku cha viatu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Katekista alisali. Mama alikataa mtu mwingine akiweke shimoni. Alipiga magoti, akakiweka kwa mikono yake, akatupa udongo wa kwanza, akaushindilia kwa kiganja kama anayemfunika mtoto.

Mchana watu walijaa. Mirija ikaingizwa mtungini. Adolphe akasimama na kofia mkononi, akasema maneno yake makubwa: jinsi Karoli Rostfrei, rafiki wa marehemu babu yetu, alivyompa kisu kwa mkono wake mwenyewe, na jinsi kisu hicho kilivyopita kwa baba yetu, kisha kwa Gélase, mjukuu mwaminifu, aliyekufa nacho mfukoni. Wazee walitikisa vichwa. Mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka, kwamba hata baba yake alikuwa akimtaja sana huyo Karoli.

Nilitaka ardhi inifunike kando ya kisanduku.

Kisha Adolphe akatangaza kwamba matanga yamekwisha, kwamba Mama yuko huru kucheka na Danielle yuko huru kuolewa. Mama akavuta pombe kwa mrija. Ikampalia. Akakohoa, jirani mmoja akamwambia, "Polepole, mama, mutungi hauna miguu," na Mama akacheka.

Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kina mkwaruzo mwanzoni, kama mlango.

Hapo ndipo Danielle aliponivuta mkono. "Muramukazi, wifi yangu, kuja jikoni kidogo."

Alifunga mlango. Akafungua fundo la kitambaa alichokuwa amefunga kiunoni ndani ya pagne yake ya kitenge, akatoa kitu, akakiweka mkononi mwangu.

"We unajua visu," akasema. "Tazama hii."

Pembe nyeusi. Bapa mbili. Nililifungua bapa kubwa, nikasogea kwenye mwanga wa dirisha. ROSTFREI. Nikalifunga. Springi ilikuwa imechoka, ilifunga bila sauti.

"Umekitoa wapi?"

"Kilikuja mwaka jana, mwezi wa tano. Kuna mama anauza mafuta ya mawese, anaitwa Nsimire, anatembea Kigoma na kurudi. Alinikuta soko. Alijua jina yangu."

"Danielle. Kilitoka kwa nani?"

"Kilikuja na neno," akasema, bila kujibu. "Na neno lenyewe hata si langu. Ni lako."

"Neno gani?"

Alilisema kama mwanafunzi anayesoma imla, bila kupandisha wala kushusha. "'Mwambie Adé afute kwenye daftari. Rostfrei si jina ya mutu.'"

Nilikaa kwenye gunia la makaa.

Daftari lile halikuwahi kutoka nyumbani kwetu. Nje ya nyumba hii, mtu mmoja tu duniani alijua kwamba ndani yake Rostfrei ni jina la mtu. Ni yule aliyeliandika. Na mwezi wa tano wa 1998 mtu huyo alikuwa Kigoma, anapumua, amekutana na Mdachi au mpishi wa kumweleza neno hilo, na ameona aibu kwa kosa lake.

"Mwaka mzima!" Nilisema kwa nguvu, kisha nikashusha sauti. "Mwaka mzima, Danielle, Mama anapika sahani yake, we unatazama!"

"Usinipigie kelele." Macho yake yalikuwa makavu. "Alituma kisu. Hakutuma barua. Hakuuliza kama nakula, kama nimekufa, kama mama yake amekufa. Alituma kisu na masahihisho ya daftari. Nsimire alisema iko na bibi kule, ameoa, na mutoto anaanza kutembea. Ningemwambia mama nini? Mutoto wako ni muzima, lakini hakutaki?"

"Kwa hiyo nilipoleta kile kingine, ukasema ni chake."

"Mi nilikuwa natafuta mulango, Adé. We ndiye ulikuja nao umeubeba kichwani." Akanishika mkono wenye kisu, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Sikuonyeshi ili useme. Nakuonyesha kwa sababu nitaondoka hapa, na siwezi kwenda nacho kwa mume mwingine. Kichukue. Kitupe ziwani. Lakini leo amecheka. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia.

Nilifungua vidole nikitazame mara moja zaidi, na mlango ukafunguliwa.

Mama alikuwa na kikombe kitupu mkononi, uso wake bado umelainika kwa pombe na vicheko. Alikuja kutafuta kikombe kingine. Akakiona.

Pembe nyeusi. Bapa mbili. Kitu alichokiweka shimoni asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, sasa kiko kiganjani mwa binti yake, saa sita tu baadaye.

"Adé," akasema polepole. "Umemufukua?"

Uani Adolphe alikuwa bado anasimulia habari za Karoli.

"Mwanangu, nakuuliza. Umemufukua kaka yako?"

Nilikuwa na majibu mawili tu. Nilichagua lile lililomwachia kicheko chake, au nilidhani hivyo.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nisamehe. Nilitaka kukiona mara moja tu."

Hakunipiga. Hakulia. Aliweka kikombe chini, akakichukua kisu mkononi mwangu kwa vidole viwili, akakifunga ndani ya kanga yake. Kisha akageukia uani, na sauti yake ikanyamazisha watu wote.

"Adolphe! Lete jembe. Mufungue shimo tena, sasa hivi, watu wote wakiona. Tumurudishe mutoto mu sanduku yake."

Nilisikia viti vikisogezwa. Kisanduku kilikuwa kimelala pale chini ya udongo laini, na kisu kingine ndani yake, na Adolphe alikuwa tayari anavua koti.